Joho la Sufii Gharibu

Kudhaa,
2 Februari 1984

Kwa mpwa wangu Badi bin Omar,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na mkeo Barke, na kwamba kile kikohozi kilichokushika siku za mazishi kimekuachilia. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri ya watu waliofiwa. Goti langu la kushoto linalalamika kila ninapoinuka, na mamako Mashavu miguu imemvimba, lakini bado anakwenda kisimani mwenyewe na humgombeza kila anayejaribu kumpokea ndoo.

Niwie radhi kwa kukuandikia kabla ya arobaini ya mkaza mjomba wako, Mwanalima, kutimia. Ningependa kungoja. Siwezi, na sababu unaijua.

Siku ile nilipokuwa nimeshuka kaburini kumpokea mke wangu, wewe uliliinua joho juu ya jeneza, ukalikunja, ukalitia kwapani, ukateremka nalo ufukweni. Nilipopanda na udongo wangu mikononi, jeneza lilikuwa tupu na wewe ulikuwa umeketi katika mashua ya Fumo. Waliokuona walidhani nimekutuma. Nimewaacha wadhani hivyo mpaka leo, maana kuwaambia kweli ni kuwaambia kwamba mwana wa dada yangu ameniibia mbele ya maiti wa mke wangu.

Desturi umezaliwa nayo, lakini naona nikukumbushe, kwani miaka sita ya Hijazi ni mingi. Kila anayekufa Kudhaa, tajiri na fukara, hutoka nyumbani kwake amefunikwa joho la Gharibu, kisha joho hurudi. Miti ya jeneza huikwaruza nguo. Basi nyumba iliyofiwa hupatengeneza palipochakaa, kwa mstari mmoja wa uzi, uzi wowote walio nao, kabla ya siku arobaini kwisha. Mwanalima alilitunza joho hilo miaka thelathini na moja na alisimamia mistari ya watu wote. Wake mwenyewe haujashonwa. Ni mimi wa kuushona, na zimenibakia siku kumi na saba.

Fumo ameniambia uliwaeleza abiria kwamba Sufii ni neno la wazushi lisilo na asili. Ruhusu mzee alieleze, maana nimelichunguza. Niliposoma kwa mapadri Kismayu, Padri Anselmo alinihakikishia kwamba limetoka kwa Wayunani, katika neno lao la hekima. Nilimsadiki miaka mingi, kwa sababu alikuwa mpole na alikuwa na vitabu. Baadaye marehemu Mwalimu Khamis wa chuo chetu aliposikia hayo alicheka mpaka akajishika ubavu. Akanifahamisha kwamba wako wanaolitoa katika safaa, usafi wa moyo. Wengine katika suffa, ile baraza ya msikiti wa Mtume wetu walipolala maskini wasio na nyumba. Wengine katika safu ya mbele ya wanaoswali. Lakini lililo karibu zaidi na kweli, alisema, ni suuf, yaani sufu, manyoya ya kondoo, kwa kuwa wacha Mungu wa kale walivaa sufu inayowasha na kuwaachia hariri wenye kuitaka.

Nasi wa Kudhaa tunaijua asili hiyo bila kitabu. Gharibu alishuka hapa amevaa joho la sufu katika jua hili, na wazee wetu wakamwita Kondoo. Kisha akafa mwanamke fukara aliyekuwa akiwapara watu samaki. Nyumba yake haikuwa na nguo ya kulifunika jeneza, na watu wakasimama mlangoni wakitazamana kwa haya. Gharibu akalivua joho lake. Hakulidai tena, alimaliza umri wake kwa kikoi. Hapo ndipo lile jina la Kondoo lilipokufa, na la Sufii likazaliwa.

Mpe Fumo joho. Sihitaji maelezo yoyote pamoja nalo. Samahani kwa urefu wa barua.

Mjomba wako,
Hamidi


Kismayu,
10 Jumada al-Ula 1404, sawa na 12 Februari 1984

Kwa mjomba wangu mheshimiwa,

Waalaykum salaam warahmatullah. Nakubusu mikono. Kikohozi kimekwisha, Alhamdulillahi, na Barke anawasalimu nyote. Mwambie mama aache kisima. Nimempa Fumo dawa ya miguu. Ni vidonge viwili kwa siku, na tafadhali umsimamie, maana najua atawapa majirani.

Umeniita mwizi. Mwizi huficha, mjomba. Mimi nimelichukua mchana, mbele ya watu mia.

Kuhusu neno, Mwalimu Khamis alisema kweli. Kwa kanuni za Kiarabu safaa haizai Sufii, wala suffa, wala safu. Suuf peke yake inakubali. Lakini tazama umejithibitishia nini: ni jina la vazi. Dini yetu ina majina yake, Muislamu, Muumini, Muhsini, na haikungoja kondoo aje kuipa jingine. Na huyo Padri Anselmo ningekuomba usimtaje katika mambo haya. Mimi nikienda kuwafundisha mapadri maana ya msalaba wao, ungenicheka. Lile koti zito alilokupa lingali sandukuni? Tulipokuwa watoto tulilifunua siku moja tukakimbia, tukidhani ni mnyama.

Sasa niruhusu nami nikukumbushe jambo. Dada yangu Kulthumu alikuwa na miaka minne, mimi kumi. Homa ilipompanda wanawake walileta joho lako wakamfunika nalo siku tatu. Siku ya pili nilikuja mpaka mlangoni kwako. Nilikwambia, "Mjomba, tumpeleke Kismayu kwa daktari." Wewe ndiye mtu pekee Kudhaa aliyemjua daktari kwa jina lake. Ukanijibu, "Ngoja tuone asubuhi."

Joho lililomfunika akitetemeka ndilo lililomfunika akitolewa. Halikubadilishwa hata mahali pa kukaa. Nimelisubiri joho hilo miaka kumi na tisa, mjomba, na sikulichukua kwa sababu ya kitabu chochote cha Hijazi. Vitabu vilinipa maneno tu.

Nilitaka kulichoma siku ileile. Umesema ni sufu na kwamba jina zima linasimama juu ya sufu hiyo. Basi nitalitazama kwanza. Mimi si mtu wa kulikataa jambo kabla ya kulichunguza. Hilo nalo nilifundishwa na wewe.

Mpwa wako,
Badi


Kudhaa,
24 Februari 1984

Kwa mpwa wangu Badi,

Assalaam alaykum. Nakuombea afya wewe na Barke. Vidonge vimefika, ulivyosema ndivyo ilivyokuwa, vitatu vilikwisha kwenda kwa Mwanasiti wa nyumba ya pili kabla sijavihesabu. Miguu ya mamako haijapungua. Kisima ameacha, na hilo linanitisha kuliko uvimbe.

Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikaenda kuswali, nikarudi nikaisoma tena. Nilitamani nikute neno moja la uongo ndani yake.

Nilisema hivyo. "Ngoja tuone asubuhi." Nilijua njia ya kwa daktari, na mashua ilikuwepo. Niliogopa wanawake waseme, tazama mtoto wa mapadri, haiamini baraka ya kwao. Sikuiogopa homa, wala sikumwogopa Mola wangu, niliogopa kuchekwa. Kosa hilo ni langu na nitasimama nalo Siku ya Kiyama bila wakili. Lakini usilitwike joho. Gharibu alilivua kwa ajili ya maiti. Hakuna aliyesikia hata siku moja kwamba ni dawa. Ilinipasa nisimame mlangoni mwa mamako niseme hivyo. Joho halikuwa na ulimi, Badi. Mimi nilikuwa nao.

Basi kama ni kulipiza, ungenijia mimi. Ungenitukana barazani, ningekuinamia. Wewe ulikwenda kumvua Mwanalima, ambaye siku zile alikuwa Kismayu kwa ndugu zake, na ambaye aliporudi hakusema nami muda wa miezi miwili kwa ajili ya mtoto yule. Umemwadhibu mtu aliyekuwa upande wako.

Arobaini yake ilipita Jumapili. Watu walikula, wakasoma, wakaondoka. Niliketi na sindano mfukoni kama mtu aliyealikwa harusi isiyokuwepo. Niwie radhi, nimeandika kwa ukali. Nikitafuta maneno mengine siyapati.

Mambo mawili kabla sijafunga. Mahmudi, mwenye duka, alinijia na karatasi iliyokwisha kuandikwa, akataka niitie sahihi, ili jina lako lifikishwe kwa wakubwa huko Kismayu, kwa kuwa siku hizi mahatibu waliosoma Hijazi kama wewe wanatazamwa na serikali. Niliichana mbele yake. Usinishukuru. Hasira yangu ni ya nyumbani na sitaki wageni waichangie.

La pili, mamako ameniuliza kama joho limerudi. Nikamwambia limepelekwa kufuliwa. Nina miaka sabini na moja, na umenifanya mwongo kwa dada yangu. Akasema, "Waambie wafanye haraka." Umeelewa alichokusudia.

Mjomba wako,
Hamidi


Kismayu,
7 Jumada al-Akhira 1404, sawa na 10 Machi 1984

Kwa mjomba wangu,

Waalaykum salaam. Nakubusu mikono, na namwombea mama. Nimeleta vidonge vingine na maziwa ya unga. Kwa habari ya ile karatasi umesema nisikushukuru, basi sikushukuru.

Nimelifumua joho. Nimekaa nalo siku nne na ncha ya sindano, uzi baada ya uzi, nikiitafuta hiyo sufu. Nilianzia pindoni, nikasema ya asili itakuwa katikati. Nikafika katikati. Nikaendelea mpaka pindo la pili. Nikuandikie nilichokikuta: uzi wa pamba wa cherehani, uzi wa nyavu wa katani, uzi wa nyavu wa nailoni ya buluu, nyuzi zilizochomolewa katika kanga na kusokotwa, uzi wa matanga, na mahali pamoja kamba ya mnazi, nene kama kidole cha mtoto, kana kwamba anashonwa punda. Na karibu na shingo mstari wa uzi mwekundu uliopindapinda kama njia ya kaa, kazi ya mlevi au ya kipofu.

Sikuridhika na macho. Sufu ikiungua hunuka nywele. Hilo hata mtoto wa mchunga kondoo analijua. Nilichukua ncha ya kila uzi nikaitia kwenye mshumaa. Pamba ilinuka karatasi. Nailoni ilinuka nailoni. Hakuna hata ncha moja iliyonuka nywele.

Hakuna sufu, mjomba. Haikuwepo. Ulinisomesha asili ya neno kwa kurasa mbili, ukalisimamisha juu ya kondoo, na kondoo hayupo. Kwa hoja yako mwenyewe, basi, hakuna Sufii. Mmekuwa mkiwafunika wafu wenu kwa mabaki ya nyavu, na juu ya mabaki ya nyavu mtoto aliachwa afe.

Nilidhani nitafurahi kukuandikia haya. Barke aliingia akanikuta nimekaa katikati ya nyuzi, akaniuliza nimepoteza nini. 

Mpwa wako,
Badi


Kudhaa,
19 Machi 1984

Badi,

Assalaam alaykum. Utaniwia radhi kwa ufupi wa salamu. Sina afya ya kukuuliza yako.

Nilimsomea mamako barua yako. Nilikusudia kumficha, lakini alimwona Fumo akinipa, na mimi uongo wa kufua joho ulikuwa umekwisha kunichosha. Nilisoma mpaka mwisho, na mshumaa wako, na kondoo wako. Nilipoinua macho alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkata, nikamshika mgongo.

"Kwani wewe hukujua?" akaniuliza.

Nikamwambia sikujua nini.

Akasema sufu ililiwa na nondo zamani za nyanya yetu. Nyanya alijua, Mwanalima alijua, wanawake wote wa Kudhaa wanajua. Wanaume, alisema, kazi yetu ilikuwa kubeba. Kila nondo walipotoboa, kila miti ya jeneza ilipokwaruza, mstari uliwekwa, na mistari ikakutana na mistari, mpaka ya Gharibu ikaisha na ya watu ikabaki. Nilimwuliza, basi tulikuwa tunafunikwa na nini miaka yote hii? Akaniangalia kama anavyoniangalia nikikosea njia ya shambani.

"Mchu hafunikwi ni sufu, Hamidi," akasema. "Hufunikwa ni wachu."

Mtu hufunikwa na watu; vitabu vyangu havikunifundisha hilo. Kwa hiyo nakuomba radhi rasmi. Nimekufundisha jambo nisilolijua. Mke wangu alilala na ufunguo wa sanduku lile chini ya mto wetu mmoja, na mimi, mwenye vitabu, sikuwahi kumwuliza kilichomo. Umenishinda katika hoja ya sufu. Umeshinda.

Sasa nisikilize, na hapa siombi radhi. Hukufumua joho la Gharibu. Umefumua hivi: nailoni ya buluu ni ya Fumo, huyo anayekuletea barua zangu na kukubebea mizigo bila kukudai neno la shukrani, aliushona mstari ule kwa ajili ya mkewe Mwanatumu, kwa uzi wa nyavu zake, kwa sababu ndio aliokuwa nao. Kamba ya mnazi uliyoifananisha na ya punda ni ya watu ambao uzi hawakuwa nao wa aina yoyote. Katikati hapo umepita juu ya mstari mweupe, mfupi, ulioshikwa sana. Huo ni wa Kulthumu. Niliushona mimi. Mamako alinipa sindano mkononi mbele ya watu, nami nikashona. Ulidhani hakuna aliyenihukumu? Nilihukumiwa kabla ya ndevu zako kuota.

Na mwekundu wa karibu na shingo si wa mlevi wala wa kipofu. Babako Omar alipokufa kwa sumu ya samaki bunju, wewe ulikuwa na miaka saba. Mikono ya mamako haikuweza kutunga uzi. Ulichomoa mwekundu katika pindo la kanga yake, ukaketi mlangoni, ukashona asubuhi nzima ukijidunga, na kila aliyetaka kukusaidia ulimsukuma. Mwanalima alitaka kuunyosha baadaye. Mamako akamkataza, akasema uachwe vivyo hivyo. Mstari huo umewasindikiza wafu wa kisiwa hiki miaka ishirini na miwili, na umemsindikiza Kulthumu. Wewe umeuchomoa, ukautia motoni, ukaunusa.

Mamako hali tangu Ijumaa. Njoo. Kama ulicho nacho ni mfuko wa nyuzi, njoo na mfuko.

Mjomba wako,
Hamidi


Kudhaa,
21 Aprili 1984

Kwa mpwa wangu Badi,

Assalaam alaykum. Mwezi umepita na barua yangu haina jibu. Fumo ananiambia alikutia mkononi, ukaisoma umesimama pale bandarini, ukamwuliza jambo moja tu, kama mamako anakunywa maziwa, kisha ukaondoka bila kuaga. Habari za pili nilikutumia kwa mdomo wa Fumo huyohuyo, na najua alikufikishia.

Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, ni wajibu wangu kukupa pole, nawe ni wajibu wako kuipokea. Mamako Mashavu alifariki Alhamisi, tarehe kumi na mbili, alfajiri. Hakusumbuka sana. Nimekuandikia hili kwanza kwa sababu nisingependa ulisome baada ya mengine.

Tulikungoja mpaka alasiri. Wenye elimu walisema maiti hacheleweshwi, na ni kweli, nikawaomba saa moja, wakanipa mbili. Wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha. Jeneza likawekwa mlangoni, na hapo watu wakasimama. Hakuna aliyeleta kanga, hakuna aliyeleta shuka. Si kwamba hawakuwa nazo. Walikuwa wananitazama mimi, kwa kuwa joho lilikuwa amana ya nyumba yangu, na sasa hata wasiojua walikuwa wanajua. Nimefedheheka mara nyingi katika maisha yangu, mara nyingine kwa haki. Siku ile nilisimama mbele ya maiti wa dada yangu bila kitu mikononi, na jina lako likawa kinywani mwangu, na sikulitaja kwa heri.

Nikaingia ndani nikafungua sanduku. Nikatoka na koti la Padri Anselmo.

Ndiyo, lile lile ulilolikimbia. Mahmudi akasema kwa sauti ya kusikika kwamba koti la Nasara haliwezi kumfunika Muislamu. Nadhani ningerudi nalo ndani. Ni Mwanasiti aliyemjibu kutoka kwa wanawake. Alimwambia, "Limefumwa kwa kondoo, Mahmudi. Kondoo hana dini." Watu wakacheka jeneza likiwa pale mlangoni, Mungu atusamehe, nami nikalitandaza koti. Kola ilimfika kifuani na mikono ikaning'inia huku na huku. Tulikwenda naye hivyo mpaka makaburini, na nikalipokea tena mwenyewe, maana nimejifunza kutomwachia mtu.

Usinichukue kuwa nakusimulia ili kukulainisha. Nakusimulia ili ujue ulikosekana wapi. Bega la kumbeba lilikuwa lako. Mti wa mbele wa jeneza, upande wa kulia, ulikuwa wako, na aliyebeba mahali pako alikuwa Fumo, ambaye hana udugu nawe.

Miti imekwaruza koti, bega la kulia. Arobaini ya mamako ni tarehe ishirini na mbili Mei.

Mjomba wako,
Hamidi


Kudhaa,
17 Mei 1984

Kwa mpwa wangu Badi,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima, na Barke. Goti langu ni lile lile. Nyumba ya mamako nimeifunga, na ndoo yake nimempa Mwanasiti, ambaye ameapa haitamshinda.

Fumo amenifikishia kifurushi chako. Hakikuwa na barua ndani, na nimekitikisa kuhakikisha.

Nimekifungua juu ya mkeka. Nimekuta nyuzi zote, kila mmoja umezungushwa peke yake juu ya kipande cha kadibodi, kama tunavyozungusha uzi wa nyavu, kama nilivyokufundisha kabla hujajua kusoma. Ncha zake ni nyeusi, mahali ulipozitia kwenye mshumaa. Pamba ipo. Katani ipo. Buluu ya Fumo ipo. Nilimwonyesha, akaishika, akairudisha, akaenda kufunga mashua iliyokuwa imekwisha kufungwa. Kamba ya mnazi ipo. Mweupe wa Kulthumu upo, nao peke yake hauna ncha nyeusi. Nimeliona hilo, ingawa uliniandikia kwamba kila uzi uliutia kwenye mshumaa.

Nilizitenga mara mbili, na mara ya tatu nilimwita Mwanasiti atazame kwa macho yake, kwani yangu si ya kutegemewa. Mwekundu haumo.

Sikuandikii kuuliza uko wapi.

Mweupe nimeurudishia kazi katika koti, chini ya kola, na kando yake nimeushona mstari wa Mwanalima, kwa uzi wa pindo la kanga yake ya kusalia. Koti halikumfunika yeye. Nimemwomba radhi kwa hilo, na ninadhani angenyamaza miezi miwili kisha angekubali. Nimechelewa siku themanini na nane. Umekwenda upande, na sikumruhusu mtu aunyoshe. Watu nao wameanza kuja kuchukua nyuzi zao, mmoja mmoja, na kuuliza waziweke wapi. Mahmudi amekuja pia. Alikuwa na mstari wa babake na hakuniambia.

Usidhani kwa haya kwamba nimepoa. Nimezuia maneno makali tangu Januari kwa ajili ya adabu niliyolelewa nayo, na sijaandika hata nusu yake. Sitayaandika. Ni maneno ya kuambiwa mtu usoni, kisha akapewa chakula. Hukuwa na haki ya kumvua mke wangu, na mimi sikuwa na haki ya kusema ngoja tuone asubuhi, na moja kati ya hayo halilifuti la pili.

Fumo anatoka Kismayu Jumamosi baada ya Alfajiri. Zimebaki siku tano. Mwanasiti alitaka kuushona mstari wa mamako ili jambo liishe, akidai wewe huji. Nimemkatalia. Bega la kulia lingali limekwaruzwa. Sindano nimeichomeka hapo hapo, haina uzi.

Mjomba wako,
Hamidi